Kabla Hujapiga Stata

Neno la leo ni lako wewe mwenye gari lililolala uani miaka saba, kumi, kumi na tano. Hapa kwetu Kibarani yako mengi: Peugeot 504 chini ya mwembe, pikapu kando ya banda la mbuzi, matairi yamezama mchangani, kuku anataga kiti cha nyuma.

Najua halikuwa gari tu. Lilipeleka wagonjwa hospitali usiku, lilibeba maharusi, lilingoja feri hapa Kilifi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Baba alipolala mauti, gari nalo likalala. Sasa kijana amekuja na betri ya kuazima, na mama mjane amesimama mlangoni akingoja kuisikia sauti ile tena. Majirani wanasema, "Hiyo ni Peugeot bwana, ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, itawaka tu!"

Inaweza kuwaka kweli. Hapo ndipo penye hatari.

Mwanangu, usipige stata kwanza. Miaka yote hiyo oili imeshuka chini, silinda ni kavu, na hewa yetu ya chumvi huenda imeshaleta kutu. Ukilazimisha, ringi za pistoni zitakwaruza kuta, na injini iliyolala itakuwa injini iliyokufa. Toa plagi, tia oili kidogo kila tundu, iache ilale hivyo usiku mzima. Kesho yake izungushe pole pole kwa mkono, kwa spana. Ikigoma usipigane nayo. Ongeza oili, ngoja tena.

Petroli ya zamani imwage yote. Petroli huharibika kwa miezi tu, ikabaki kitu kama gundi kinachoziba kabureta. Badilisha oili, filta na mipira ya rejeta iliyopasuka. Chungulia njia ya hewa na bomba la moshi, maana panya na nyigu hupenda kujenga humo.

Kisha breki, na hapa nakuomba unisikie vizuri. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na pwani unyevu hauishi. Ndani kwa ndani kutu inakula, raba zinaoza. Ukikanyaga pale uani pedali inashika. Ukikanyaga barabara ya Malindi mbele ya lori, inazama hadi chini. Tairi nalo usitazame meno yake tu. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, soma tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi hilo limezeeka hata kama halijatembea.

Gari lisilowaka litakuacha nyumbani. Lisilosimama litakuua, wewe na uliowapakia.

Mkumbuke mfalme Hezekia, 2 Mambo ya Nyakati 29. Alikuta milango ya nyumba ya Bwana imefungwa na taa zimezimwa. Akaifungua mwezi wa kwanza wa mwaka wake wa kwanza. Lakini hakuanza na sadaka wala nyimbo! Uchafu ulitolewa kwanza, ukapelekwa kijito cha Kidroni, na kazi ikachukua siku 16. Baada ya hapo ndipo sadaka ikawaka na nyimbo zikaanza.

Mpendwa, wako na watu waliolala hivyo hivyo. Ndugu ameacha ibada miaka mingi, akirudi Jumapili moja, Jumapili ya pili tunataka aongoze maombi. Tunampiga stata! Akikwama tunasema hakuokoka. Tia mafuta kwanza. Kaa naye, kula naye, umsikilize kinachomuuma. Mwache azunguke pole pole.

Na wewe mama, kama logbuku bado ina jina la marehemu, malizeni mirathi kwa sheria ndipo mhamishe jina. Gari la baba lisiwe sababu ya watoto wake kukutana kortini.

Nakuombea leo: Mungu akupe subira ya fundi mwema, na kilicholala nyumbani mwako kiamke kwa utaratibu, kiende, na kijue kusimama. Mwenye kupokea aandike Amina, kisha umtumie ndugu yako mwenye gari uani. Mbarikiwe.