Peugeot na Porsche, Pasaka ya 1978

Bukoba, Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Kwenye gereji ya Kashai ubishi umezuka tena: Peugeot 504 na Porsche 911, ipi gari? Vijana wote wako na Porsche. Mimi naanzia Safari Rally ya Pasaka ya 1978 kule Kenya, miezi michache kabla Idi Amin wa Uganda hajatuvamia huku Kagera. Porsche walikuja na 911 SC za lita 3, zimeinuliwa juu, na madereva wakali: Björn Waldegård wa Sweden na Vic Preston Mdogo wa Kenya. Peugeot walikuwa na 504 Coupé ya V6, bodi kaichora Pininfarina wa Italia. Akashinda Jean-Pierre Nicolas na Peugeot. Preston wa pili, Waldegård wa nne.

Muleba, Jumapili, 13 Aprili

Baada ya misa nimepelekwa kuona 504 ya mzee mmoja, ya kubebea abiria, imeegeshwa chini ya migomba. Nimeingia uvunguni hivyo hivyo na shati la kanisani. Ekseli ya nyuma ni moja, nzito, imekalia springi nne, mbili kila upande. Coupé ya Nicolas haikuwa hivyo, magurudumu yake ya nyuma yalicheza kila moja peke yake, lakini nia ni ileile: gurudumu lipande na kushuka sana bila abiria kurushwa.

"Shikamoo, mzee. Ilikuwa inabeba nini?"

"Marahaba, mwanangu. Watu, na kahawa juu. Mvua kama hii tulikuwa tunafika."

Porsche nayo nitaitendea haki. Injini yake iko nyuma kabisa, uzito mwingi unakandamiza magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo kwenye mlima wa utelezi inapanda pale 504 inapoanza kuserereka. Tena 911 ya enzi zile inapozwa kwa upepo. Haina rejeta ya kutobolewa na jiwe. Kwa tope tupu ningeichagua yenyewe. Ila dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, ule uzito unamzungusha.

Bukoba, Pasaka, 20 Aprili

Kijana mmoja kanikumbusha kwamba Waldegård alishinda Safari Classic ya 2011 na 911. Kweli, na nilifurahi siku ile, maana mzee yule aliipenda sana Safari. Lakini hayo ni mashindano ya magari ya zamani. Safari yenyewe, viwanda vilipokuwa vikipambana, Porsche haikuwahi kuishinda. Hata 1974 Waldegård alikuwa wa pili, nyuma ya Lancer ya Joginder Singh. Peugeot walishinda mara nyingi. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda na 404 mwaka 1966 na tena 1967, wakati mashindano bado yanapita Tanzania. Ove Andersson akashinda na 504 mwaka 1975.

Porsche ina mbio zaidi na inapanda tope vizuri zaidi. Kwa safari ndefu ya barabara zetu, gari ni Peugeot.