Treni ya Makopo

Baba yetu alifanya kazi relini Tabora, pale njia za Kigoma na Mwanza zinapoachana. Utotoni, sisi ndugu wawili tuliunda treni ya makopo. Reli ya kweli ina upana wa mita 1; yetu tuliipa sentimita 5.

Baadaye tuligombania shamba, tukanyamaziana miaka 11, huku kila Jumapili tukitoa sadaka katika ibada moja.

Tulipomzika mama, tuliikuta treni uvunguni mwa kitanda chake, gurudumu limeng'oka. Kulehemu kunataka watu wawili: mmoja ashike, mwingine achome. Hatukumbuki nani alisema, “Shika hapa.” Ndilo lililokuwa neno letu la kwanza.

Sasa kila Jumamosi tunatandika reli. Shamba halijagawanywa, lakini tunazungumza. Mstari wa Mathayo 5:24 tuliukariri utotoni, tumeutii uzeeni.