Jina Kwanza ama Tarehe Kwanza?

Wasee, kila mtu aliyemaliza fomu foo anaijua indeksi namba yake ya KCSE. Tarakimu 11. Zile 8 za kwanza ni za shule, zile 3 za mwisho ni zako wewe. Sasa fikiria matokeo yametoka na mjomba wako wa Nairobi anakutafutia. Ukimpa zile 8 za kwanza peke yake, anajua shule yako, na kutoka hapo atakupata tu, hata kama atapitia darasa zima. Lakini ukimwambia "mimi ni 045," hujamwambia kitu. Kila shule yenye watahiniwa 45 ina 045 yake. Kuna 045 Malava, kuna 045 Lamu, kuna 045 Lodwar. Atazunguka Kenya nzima.

Kama umeelewa hapo, tayari umeelewa kitu ambacho waprogramu wengi hupasuliwa kichwa nacho: indeksi ya sehemu kadhaa kwa databesi. Kanuni yake ni ileile. Unaingilia mwanzo. Ukiwa na sehemu ya kwanza peke yake, indeksi inakusaidia. Ukiwa na ya kwanza na ya pili, inakusaidia zaidi. Ukiwa na ya mwisho peke yake, pole.

Kwanza tuelewane indeksi inafanya nini. Databesi ni kama daftari kubwa lenye mistari. Bila indeksi, ukiuliza swali kompyuta inaanza mstari wa kwanza na kusoma mpaka wa mwisho. Watahiniwa wa KCSE wa 2023 walikuwa karibu 900,000, kwa hivyo hiyo ni mistari 900,000 kusomwa ndio mtu mmoja apatikane. Lakini majina yakipangwa kwa utaratibu, unafungua katikati na kuuliza, "Ninayemtaka yuko mbele ama nyuma?" Unatupa nusu, unafungua tena katikati ya iliyobaki. Ukifanya hivyo mara 20 umemaliza mistari milioni moja. Databesi nyingi za leo hutumia mpango wa mti ambao hata hatua 20 hazifiki, kwa sababu kila tawi linabeba majina mengi kwa pamoja. Mti huo uliundwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo, Boeing hao wa ndege.

Sasa njoo huku kwetu Kabras uone kwa nini sehemu moja haitoshi. Simama stendi ya Malava uite "Wafula!" kwa sauti. Utageukiwa na watu watano, na wawili watakuwa wameshuka pikipiki. Sisi hupewa majina ya waliotutangulia, na pia majina ya misimu. Nafula na Wafula ni watoto wa mvua, Nekesa na Wekesa ni wa mavuno. Jina halipotei, linarudi kwa mjukuu. Ni kitu kizuri sana, lakini mwambie karani akutafutie "Nekesa" peke yake uone venye atakuangalia.

Kuna kikundi kimoja cha wakulima wadogo wa miwa hapa nyumbani ambacho kukhu wangu ni mwanachama. Wanakodisha trekta pamoja, na karani anaandika kila tripu: tarehe, jina, kijiji, tani. Daftari lilifuata tarehe, kwa sababu siku ndivyo huja. Hakuna mtu aliyekaa chini akaamua hivyo. Na kwa swali la mwenyekiti, "Jana tulipeleka tani ngapi?", daftari hilo lilikuwa tamu kabisa. Unafungua ukurasa wa jana, unajumlisha, basi.

Shida ilikuja kukhu alipouliza swali lake. "Mjukuu wangu, mimi nilipeleka tripu saba. Hii karatasi yenu inasema sita." Kumjibu, karani alilazimika kupitia miezi yote, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta Nekesa mmoja katikati ya watu wote wa kikundi. Alijaribu mara ya kwanza, akachoka. Mara ya pili akamwambia arudi wiki ijayo. Na hiyo tripu moja haikuwa mchezo. Ilikuwa imehesabiwa kwa karo ya binamu yangu mdogo.

Likizo ya Desemba nikachukua hayo madaftari nikayaingiza kwa laptopu, mistari kama 4,000. Niseme ukweli, kwa mistari 4,000 kompyuta haihitaji indeksi. Itasoma yote kabla hujapepesa jicho. Mambo hubadilika ukifika mamilioni. Kilichonisaidia mimi ni mpangilio wenyewe: jina kwanza, halafu kijiji, halafu tarehe. Ghafla Nekesa wote wakakaa pamoja. Wa Chegulo wakatangulia, wa Shivanga wakafuata, na tripu za kila mmoja zikajipanga kuanzia Januari kushuka chini.

Kukhu wa Chegulo alikuwa na sita. Nekesa wa Shivanga alikuwa na nne, na ya mwisho ilikuwa ya Juni. Tukamuuliza yule mama wa Shivanga. Akacheka: "Miwa yangu iliisha Machi. Hiyo ya Juni nilipeleka nini, majani?" Kijiji ndicho kilikuwa kimeandikwa vibaya. Mkutano uliofuata mhasibu akarekebisha, na tani zikarudi kwa mwenyewe.

Elewa vizuri hapo. Mpangilio haukujua ukweli. Kama tungekosa kumuuliza yule mama, tungebaki na sita yetu. Kile mpangilio ulifanya ni kuwaweka wawili hao kuwa majirani, jicho likaona. Kwa daftari la tarehe, walikuwa wametenganishwa na kurasa nyingi. Mimi naona kupanga indeksi ni kuamua nani akae karibu na nani, na swali la nani lijibiwe kwanza.

Angalia tena swali la kukhu kwa macho ya databesi: "Nipe tripu za Nekesa wa Chegulo, Januari mpaka Juni." Indeksi ikianza na jina na kijiji, halafu tarehe, mistari yake yote iko mahali pamoja. Unaingia Januari, unasoma mpaka Juni, unatoka. Ikianza na tarehe, hiyo Januari mpaka Juni inabeba tripu za kila mtu, na inabidi uzipitie zote ukichuja za Nekesa. Sehemu ni zilezile, lakini kazi si ileile hata kidogo. Ndiyo maana mafundi hukwambia: tanguliza kile unachokijua kamili, kama jina, kisha weka nyuma kile chenye "kutoka hapa mpaka pale," kama tarehe.

Mtu atauliza, si tuweke indeksi kwa kila kitu tumalizane? MySQL inakubali mpaka sehemu 16 kwa indeksi moja, na PostgreSQL mpaka 32. Lakini kila indeksi ni daftari lingine la kutunza. Tripu moja ikiingia, inaandikwa kwa yote. Nafasi inaliwa, na kuandika kunakuwa polepole. Databesi zingine za sai zimejifunza kuruka sehemu ya kwanza kama thamani zake ni chache. PostgreSQL 18 ya 2025 inafanya hivyo. Ni kama mjomba akipewa shule tano tu, ataangalia 045 ya kila moja. Akipewa maelfu ya shule, amekwisha.

Na hili si jambo la kikundi kidogo tu. Agosti 2022 Kenya nzima ilikaa na simu ikifungua fomu za 34A ambazo IEBC iliweka wazi, za vituo 46,229. Uliingia vipi? Kaunti, halafu eneobunge, halafu wadi, halafu kituo. Msee wa hapa alibonyeza Kakamega, Malava, South Kabras, akafika kwa shule aliyopigia kura. Hatua chache, na raia wa kawaida akakagua kituo chake mwenyewe. Lakini kama ulikuwa unajua tu jina la shule, na hujui iko wadi gani, ulibaki 045. Mpangilio ule ulimfaa mtu anayejua kwao. Kwa maoni yangu ulikuwa mpangilio wa maana, kwa sababu wengi wetu swali letu lilikuwa moja: kwetu ilikuwaje?

Hapo ndipo nataka kuwaachia neno, haswa nyinyi mnaojifunza kuunda sistimu. Msianze na jedwali. Anzeni na foleni. Nendeni mkae kwa benchi ya ofisi yoyote asubuhi moja, msikilize watu wanauliza nini na wanakuja na nini mkononi. Bosi atauliza kwa tarehe, na atajibiwa, kwa sababu bosi ndiye aliyewapa kazi. Lakini kukhu huja na jina lake na kijiji chake, basi. Namba ya uanachama iko kwa karatasi iliyoliwa na panya. Kama mmepanga kila kitu kuanzia namba, mtamwambia arudi wiki ijayo, na kesho mtasema sistimu iko sawa.

Kikundi chetu sai kina mipango miwili: mmoja wa tarehe kwa mwenyekiti, mmoja wa jina na kijiji kwa wanachama. Gharama yake ni ndogo kuliko tripu moja ya miwa.

Sasa wewe, daftari la chama chenu linaanza na nini? Na ni nani huambiwa arudi wiki ijayo?