Bakuli Chini ya Kitenge

Mimi ni mweka hazina. Nimeitunza fedha ya kikundi cha akina mama, ya kwaya, na ya kamati za misiba nisizoweza hata kuzihesabu. Ukitaka kujua nani alitoa nini kwenye harusi ya mtoto wa jirani miaka kumi iliyopita, njoo Mbebe uniulize. Nitakufungulia daftari nikuonyeshe jina, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholipwa, na kile kistari chekundu ninachompigia mtu aliyeahidi kisha akayeyuka.

Basi jirani yetu alipopewa rufaa ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa daftari jipya.

Ocean Road iko Dar es Salaam, ufukweni, hospitali iliyoanzia enzi ya Wajerumani. Kutoka huku kwetu Ileje unaitafuta kwanza barabara kuu itokayo Tunduma, halafu ndipo unaanza kuhesabu kilomita, na zinapita 900. Mionzi nayo si sindano ya mara moja. Unakwenda siku tano kila wiki, kwa wiki kadhaa. Hata ukitibiwa bure, Dar haimpi mtu bure pa kulala, wala chakula cha msindikizaji. Saratani ya jirani yetu ni ya mlango wa kizazi, ile inayowasumbua wanawake wa nchi hii kuliko saratani nyingine zote, na ambayo mabinti wa miaka 14 walianza kuchanjwa nchi nzima mwaka 2018. Yeye aliuacha umri huo zamani sana.

Nikazunguka siku tatu nikichangisha. Kwenye harusi tunachanga hadi tunakopa, mgonjwa tunamwombea. Nilifika nyumba moja nikaambiwa na mtoto kwamba mama hayupo, huku moshi unafuka jikoni na kikohozi cha mama nakisikia. Siku ya tatu jioni daftari lilikuwa na majina kumi na moja, saba kati yao ni ya ahadi.

Binamu yangu ni muuguzi Uingereza. Nilipomlalamikia kwenye simu akaniambia kwamba kule, kila Septemba, watu hualika majirani kunywa kahawa, na kila anayekunywa hutoa bei ya kikombe chake kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Jambo hilo lilianza mwaka 1990, chini ya shirika la Macmillan. Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 1911 na Douglas Macmillan, baada ya saratani kumuua baba yake. Nilicheka. Nchi isiyo na shamba la kahawa inachangisha kwa kahawa, na sisi wenye mibuni tunakunywa chai!

Na kweli tunakunywa chai. Songwe ni mkoa wa kahawa, kuanzia Mbozi hadi milima ya Bundali, lakini mkulima ukimkuta asubuhi ameshika chai ya rangi na kiazi kitamu. Kahawa kwake ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni deni la mbolea. Inachumwa, inakobolewa, inaoshwa, inaanikwa, inapelekwa chama cha msingi, inaondoka. Kuinywa ni sawa na kutafuna noti. Mimi mwenyewe kunywa kahawa nilijifunzia Kariakoo, nilipokuwa msichana nikikaa kwa shangazi: birika juu ya makaa, vikombe vinavyogonganishwa mkononi, kashata, na wazee kijiweni wakibishana juu ya mambo wasiyoyajua.

Hata hivyo, nikaamua kuwaalika majirani waje kunywa kahawa. Shemeji yangu wa Mbozi alinipa kilo tatu za kahawa huku akinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Tukaikaanga kwenye sufuria kuukuu. Mkupuo wa kwanza tuliuunguza, moshi ukatufukuza jikoni. Wa pili ukakubali, tukautwanga kwenye kinu pamoja na tangawizi. Kashata tulipika kwa karanga zetu. Kuhusu sukari ilikotoka nitanyamaza. Tunaokaa jirani na mto Songwe, mpakani na Malawi, tuna sababu zetu za kunyamaza kuhusu sukari.

Mama mkwe wangu ni Mmoraviani wa kuzaliwa, na habari za Waingereza hazikumtikisa. Alisema kanisa lao limekuwa likila na kunywa pamoja tangu Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, miaka zaidi ya 160 kabla wamisionari wao hawajafika Rungwe mwaka 1891. Kisha akaiona meza niliyoiweka langoni, na daftari juu yake, na kalamu mbili.

"Mwanangu, hilo daftari la nini?"

"La majina, mama."

"Hawa watu umewaita waje kunywa, au waje kuhesabiwa?"

Akalichukua, akaliweka juu ya kigoda, akalikalia. Halafu akaagiza bakuli kubwa la bati, akalifunika kitenge. Mama mkwe habishiwi.

Watu walikuja. Mwanamke aliyechuma kahawa za watu kwa miaka ishirini alionja, akakunja uso: "Kumbe ndiyo hii?" Akaongeza sukari vijiko vitano, akamaliza, akaomba tena. Yule aliyejificha na kikohozi chake alikuja na wanawe wote. Mgonjwa mwenyewe, ambaye tangu rufaa alikuwa hatoki ndani, alikaa karibu na moto akiwa amejifunga shali, na kwa mara ya kwanza tukazungumza naye habari nyingine kabisa, bei ya mahindi na wakwe wakorofi.

Alikuja pia mzee mmoja ambaye tuna ugomvi naye wa mpaka wa shamba. Akanywa vikombe viwili. Alipofika kwenye bakuli akaingiza mkono chini ya kitenge, ukakaa huko muda. Nilisimama nikiutazama ule mkono kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote. Sikuona kitu.

Hapo ndipo nilipojishtukia. Miaka yote nilijiambia kwamba madaftari yangu ni ya uaminifu, na kwa sehemu ni kweli: fedha ya watu isiyo na hesabu huzaa kesi, na hata siku ile tulihesabu wanawake watatu, tukatia sahihi. Lakini kile kistari chekundu hakikuwa hesabu. Kilikuwa changu mwenyewe, akiba ya watu wa kuwanunia.

Chini ya kitenge tulikuta noti, sarafu nyingi, kwacha za Malawi, na yai moja, limeegeshwa pembeni lisivunjike. Hazikutosha, lakini zilizidi mara tatu zile za daftari. Zilizobaki tulizipata kwa kuhangaika, na akasafiri.

Alirudi baada ya miezi mitatu, amekonda, anatembea. Akaniomba daftari ili awashukuru waliotoa. Nikamwambia halipo. Akafikiri kidogo, akasema basi itabidi apite nyumba zote.

Nilimbebea kikapu. Tukapita kwa waliokuja na wasiokuja, naye akimshukuru kila mtu kwa maneno yaleyale, na wasiokuja wakitazama chini. Kwa mzee wa mpaka nilibaki njiani. Jirani yetu alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka amebeba boga, mzee nyuma yake akimsindikiza hadi mimi nilipo, nikasimama nisijue nimwonyeshe uso gani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mama. Ile kahawa mtapika tena lini?"