Namba Moja, Vyumba Nane

Ukipanga kwenye nyumba yenye vyumba vinane Sinza, unajifunza hesabu za kuchangia kabla hujayajua majina ya majirani. LUKU ni moja. Tangi la maji ni moja. Umeme ukikaribia kuisha anapita mtu mlango kwa mlango kukusanya pesa, na hakosekani wa kusema kwamba hawezi kulipa sawa na mwenye friji. Mita yenyewe haisaidii kitu. Inajua uniti ngapi zimekwenda. Haijui zimekwenda chumba gani.

Intaneti iliingia kwa utaratibu uleule. Mama mwenye nyumba alikubali waya upitishwe, ruta ikatundikwa koridoni juu ya mlango wa stoo, tukawa tunachanga kila mwezi. Kwa mwaka mzima waifai ndiyo ilikuwa kitu pekee cha pamoja kisicholeta maneno.

Kisha dada wa chumba cha pili akatukanwa.

Anauza batiki anazotengeneza mwenyewe, na ana tovuti ndogo aliyotengenezewa na binamu yake. Usiku mmoja mtu asiyejitaja aliandika chini ya picha za bidhaa kwamba batiki zile zinachuja rangi, kwamba muuzaji anapokea pesa na hatumi mzigo, na mengine kuhusu mwili wake ambayo sitayarudia. Maoni 11 ndani ya dakika 20. Wateja wawili walighairi oda zao. Binamu alifungua kumbukumbu za seva, akakuta maoni yote yametoka kwenye anwani moja ya IP, akamtumia. Dada, akiwa chumbani kwake kwenye waifai ya nyumba, akafungua mojawapo ya zile kurasa zinazokuonyesha anwani unayoonekana nayo mtandaoni. Namba zikalingana, tarakimu kwa tarakimu.

"Anayenitukana analala humu humu," alisema, na jioni ile kikao kikaitwa uani.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Morogoro kwenye mafunzo kwa vitendo, nikarudi siku tatu baadaye na kukuta hukumu imeshatoka. Kijana wa chumba cha sita, fundi simu, alikuwa ameambiwa atafute pa kwenda. Alikuwa na ujuzi, na mwezi uliotangulia aligombana na dada kuhusu kamba ya kuanikia nguo. Hayo mawili, pamoja na namba, yalitosha. Alikana, lakini unakanaje namba? Hakusubiri mwisho wa mwezi. Alibeba godoro na sanduku lake la vifaa siku ya pili.

Nasomea mitandao ya kompyuta, kwa hiyo nilipoonyeshwa ile namba kwenye simu ya dada, kilichonisumbua ni jinsi watu wanane walivyoisoma kama jina la mtu.

Anwani za IP za toleo tunalolitumia zaidi hadi leo zina urefu wa biti 32. Hiyo inatoa anwani 4,294,967,296, ambazo hazifikii hata idadi ya watu duniani. Na hazikugawanywa kwa haki. Mwanzoni, wakati intaneti ilikuwa jambo la Wamarekani wachache, chuo kimoja, MIT, kilikuwa na anwani 16,777,216 peke yake. Februari 2011 hazina kuu ya dunia ilitoa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila kanda. La kwetu likaenda AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika. Sisi ni wale waliofika karamuni sufuria zikiwa zimeanza kukwanguliwa.

Uhaba ulionekana mapema. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis waliandika waraka wa kupendekeza kwamba anwani zilezile za ndani zitumike tena katika mitandao mingi, na kwamba kifaa kilichoko mlangoni ndicho kibadilishe anwani za ndani kuwa za nje na kuzirudisha. Waliileta kama dawa ya muda mfupi. Ni miaka zaidi ya 30 sasa, na wewe unayesoma hapa huenda unasoma kupitia dawa hiyo. Mbinu hii inaitwa tafsiri ya anwani za mtandao, au NAT.

Shule niliyosoma ilikuwa na sanduku moja la posta. Barua za wasichana wote zilifika kwenye S.L.P. hiyohiyo, na posta hawakujua wala hawakuhitaji kujua nani analala bweni gani. Kilichoitenga barua yangu na ya mwenzangu ni jina juu ya bahasha, na matroni aliyejua mwenye jina yuko wapi. Ruta ni matroni wa namna hiyo, ila mwenye ukali wa ziada: barua yako inapotoka, anafuta jina lako, anaandika anwani ya shule, na pembeni anaweka namba anayoichagua yeye. Jibu litarudi na namba hiyo, naye ataangalia daftari lake ajue ni lako.

Namba hiyo ya pembeni ndiyo poti. Kila anwani ina poti 65,536. Tuseme laptopu yangu ndani ya nyumba ni 192.168.1.14, na simu ya dada ni 192.168.1.20. Hizo ni anwani za ndani, zilizotengwa kwa kazi hiyo tangu 1994. Nyumba ya jirani inazo vilevile na hazigongani, kama kila nyumba inavyoweza kuwa na chumba namba mbili. Sote tukifungua tovuti moja kwa wakati mmoja, ruta inaipa safari yangu poti ya 50112 na yake 50113, inaandika mistari miwili kwenye jedwali lake, na tovuti inaona anwani moja yenye poti mbili. Hata vifaa vyetu vikichagua poti inayofanana, ruta itabadilisha mmojawapo. Pakiti ikija kutoka nje bila kuwa na mstari kwenye jedwali, kwa kawaida inatupwa. Na ukinyamaza kwa muda, mstari wako unafutwa. Ruta ndogo kama yetu haina tabia ya kuutunza.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia Mama ni kwamba namba ile, hata ikichukuliwa kwa uzito wake wote, inasema nyumba. Haisemi chumba. Alinisikiliza, akasema, "Sawa mwanangu, lakini nyumba ni hii." Alikuwa na hoja.

Kilichonirudia usiku ule ni jambo dogo. Miezi kadhaa nyuma, yule kijana alikuwa amefunga kamera chumbani na kutaka kuitazama akiwa kibandani kwake. Ili pakiti ya kutoka nje isitupwe, unaiagiza ruta: chochote kikija kwenye poti fulani, kipeleke kwa kamera. Alimwomba Mama ruhusa, akahangaika jioni nzima. Maagizo yalikubaliwa, mlango haukufunguka.

Niliomba nywila ya ruta, nikafungua ukurasa wake na kutazama anwani iliyopewa upande wa nje. Ilianza na 100.81. Ukurasa wa anwani yangu mtandaoni ulionyesha namba nyingine kabisa, ile ya dada. Anwani kuanzia 100.64 hadi mwisho wa 100.127 zilitengwa Aprili 2012 kwa ajili ya kampuni za mawasiliano zinazofanya NAT ya pili, huko kwao, juu ya ile ya nyumbani. Ruta yetu haikuwa na anwani halisi. Ilikuwa chumba tu ndani ya nyumba kubwa zaidi.

Fanya hesabu. Kampuni ikimpa kila mteja poti 2,000, anwani moja inabeba nyumba 32. Ikimpa chache, inabeba nyingi zaidi. Niliwaandikia wanafunzi wenzangu watano wanaotumia kampuni hiyohiyo, nikawaomba wafungue ukurasa ule na kunitumia picha. Wanne walipata namba tofauti. Wa tano, anayekaa Mwananyamala na hajawahi kufika kwetu, alipata yetu.

Nikampelekea dada simu. Nilitarajia atashtuka. Aliitazama picha kwa muda, akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyenitukana?"

Sina jibu zuri la swali hilo hadi leo. Ushahidi niliouvunja haukumsafisha kijana wa chumba cha sita. Huenda mtukanaji alikuwa humu, huenda alikuwa Mwananyamala, huenda yuko nyumba yoyote iliyopangwa nyuma ya namba ile. Mwaka 2011 ulitoka waraka unaoshauri seva ziandike poti ya mgeni na saa kamili, si anwani pekee, kwa sababu hii hasa: ukiwa na poti na saa, kampuni iliyotunza jedwali lake inaweza kumpata mteja. Kumbukumbu za binamu zilikuwa na saa. Poti hazikuwemo. Polisi wa Ulaya nao, Europol, walilalamika hadharani mwaka 2017 kwamba NAT za makampuni zinawachanganyia wahalifu na wasio na hatia. Nawaelewa. Lakini kinachonitia hofu zaidi ni upande wa pili wa lalamiko hilo, kwamba ukimpata mmoja kati ya mia waliojificha pamoja bila kukusudia, kuna tisini na tisa ambao milango yao ingeweza kugongwa. Na wanaobanwa nyuma ya namba moja zaidi ni sisi tuliochelewa kugawiwa. Mtu wa huku akitaka kuhariri Wikipedia kwa bando la simu anaweza kukuta anwani yake imefungiwa kwa uharibifu wa mtu asiyemjua, na yeye hajawahi kuandika hata nukta.

Dada alimwomba binamu yake aanze kuandika poti. Maoni sasa yanapitiwa kabla ya kuonekana. Oda zimerudi taratibu, si zote. Mama alisema angempokea yule kijana, ila chumba cha sita kilishachukuliwa na nesi aliyelipa miezi sita.

Nilimpigia simu. Yuko Mbagala, kwa kaka yake. Nilimweleza yote, ile 100.81, rafiki wa Mwananyamala, kikao ambacho sikukihudhuria. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Kumbe ndiyo maana ile poti ilikataa," alisema. "Jioni nzima, dada. Nilidhani kamera ni mbovu, nikaiuza."