Bushi za Land Rover

Sehemu kubwa ya ufundi wangu niliifanyia Arusha, chini ya Land Rover za Series II na III, zile za springi za vyuma bapa, kabla One Ten ya mwaka 1983 haijaja na springi za koili. Wateja walikuwa wakifika na lawama moja: shokapu. Gari linagonga kwenye makorongo, usukani unatangatanga, na shokapu zimeshabadilishwa. Nilikuwa nachukua mtaimbo, nauchomeka kwenye jicho la springi, nanyanyua kidogo. Bushi ikiwa imekwisha, chuma kinagonga chuma, na mwenye gari anasikia mwenyewe.

Bushi ni kitu kidogo: pete ya chuma nje, pete ya chuma ndani, mpira katikati. Boliti huibana pete ya ndani isizunguke hata kidogo. Kinachojipinda ni mpira. Wengi hudhani inazunguka kama beringi, wakaipaka grisi, na grisi ikaula mpira.

Za kwenye jicho la springi hutoka kwa jiliwa na kipande cha bomba. Kazi iko kwa zile zilizozama ndani ya chasisi, upande wa shakeli, kile kiungo kati ya springi na chasisi, ambako kutu imeshika. Tulishusha kwanza tangi la mafuta, kisha nikauchoma mpira kwa gesi, moshi wake mweusi ukikaba koo. Ikabaki pete ya nje, imeng'ang'ania. Hapo nilifungua msumeno wa chuma, nikapitisha ubapa wake tunduni, nikaufunga tena kwenye fremu na kukata polepole, nikisimama kila mara kupapasa mfereji kwa kidole. Ukizidisha, unakata chasisi yenyewe. Pete ikishapasuka, tindo nyembamba inaikunja kwa ndani na inatoka.

Nimekutana na bushi nyingi zilizochongwa kwa tairi kuukuu. Siwadharau waliozichonga; vipuri vilipoadimika, ndizo zilizofikisha wagonjwa hospitali. Lakini hazina pete ya ndani: boliti inalika, jicho la springi linatanuka, na hasara inahamia kwenye kitu cha bei kubwa zaidi.

Kwa vijana wangu nilikuwa mkali katika kukaza. Chasisi ikiwa juu ya stendi, springi inaning'inia. Ukikaza nati hapo, mpira unafungwa katika mkao huo, na gari likishushwa unakuwa umeshajipinda kabla ya safari kuanza. Utachanika mapema, hata iwe bushi ya kiwandani.

"Fundi, mbona hizi tumeziacha zinacheza?"

"Shusha kwanza, mwanangu. Litikise likae, ndipo ukaze."

Wenye haraka waliona nawachelewesha, wengine wakanuna. Sikubadilika. Gari lilishuka likasimama kwa magurudumu yake, tukalibonyeza mbele na nyuma, halafu kijana akaingia chini kwa mgongo, maana Land Rover iko juu vya kutosha, akakaza kila boliti kwa spana mbili huku uzito wote ukiwa juu ya springi.