Ukwapi Hewani, Utao Ardhini

Watunzi wa zamani hawakulipima shairi kwa macho. Walilipima kwa sikio, na mstari uliopungukiwa na silabi ulirudishwa kwa mwenyewe kwa neno moja tu: guni. Mawimbi ya redio nayo yana mizani yake. Antena isiyolingana na wimbi lake huurudisha umeme ulikotoka, na mita iliyo mbele ya mpiga redio hupanda kumwarifu kwamba alichokituma hakikupokelewa na anga.

Mzee mmoja wa Maskati, mzaliwa wa Unguja, anaijua mizani hii ya pili kama anavyoijua ile ya kwanza. Ni mpenzi wa redio ya ridhaa, jambo lenye heshima yake katika nchi ile, kwani Sultani Qaboos mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa na alama yake ya mwito, A41AA. Nyumba ya ghorofa anayokaa mzee haimruhusu kusimamisha mlingoti. Basi antena yake ameifunga nyuma ya gari, na kila Ijumaa jioni mpwa wake humpeleka ufukweni. Karibu kilomita 3,900 kusini, sahibu yake wa utotoni hungoja kwa alama inayoanza na 5H1, ile ambayo zama za Mwingereza ilikuwa VQ1. Simu wanazo. Lakini kwenye simu huulizana habari za dawa na wajukuu. Redioni hujibizana kwa beti.

Robo ya wimbi la megahezi 14 ni kiasi cha mita 5, na ya megahezi 7 ni kiasi cha mita 10. Fimbo ya urefu huo haibebeki garini. Dawa yake ni koili, waya uliozungushwa ili urefu mwingi ukae mahali padogo. Ndani ya mlingoti mota ndogo huzungusha skrubu ndefu, koili ikapanda au ikashuka, na vidole vya shaba huigusa pale inapochomoza. Kadiri inavyochomoza zaidi, ndivyo antena inavyorefuka kwa hesabu ya umeme. Don Johnson wa California, mwenye alama W6AAQ, ndiye aliyeipa umaarufu antena ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa vile ilitumia mota ya bisibisi ya umeme, jina la bisibisi likaiganda hadi leo.

Ijumaa moja mzee alianza ubeti mpya. “Sauti yako hafifu,” alisema, akavuta pumzi ili atie utao. Papo hapo mita ikapanda, na redio, kwa kujilinda, ikapunguza nguvu zake hata isisikike. Ukwapi ulikwisha kuvuka bahari. Utao ukabaki kinywani. Sahibu yule amepita miaka 80. Sikio lake moja limekwisha kufa, na la pili linafifia. Ubeti usiokamilishwa ni deni, na deni hili halikuwa la kungojeshwa.

“Mota imekufa, mjomba,” mpwa alisema asubuhi yake. “Tuagize nyingine.”

“Kufa kwake umekushuhudia?” mzee akauliza. “Bonyeza kitufe, mie nitege sikio.”

Akalaza sikio kwenye mlingoti. Mota ilinguruma kupanda, ikanguruma kushuka, kwa sauti moja isiyokwama. Fyuzi ilikuwa nzima, na volti 12 zilikuwa zikifika. Akatia alama ya penseli kwenye koili. Alama ikapanda na kushuka, basi skrubu na nati yake havikuwa na kosa. Vidole vya shaba vilikuwa na utando wa chumvi, akavifuta kwa spiriti. Akajaribu redio kwa nguvu ndogo: mita ikashuka kidogo, kisha ikaruka tena. Kosa linalotulia mahali pamoja ni jepesi kulishika. Zito ni lile linalokuja na kuondoka.

Mpwa, kwa kuchoka, aliuegemea mlango wa nyuma, ule uliobeba antena. Sindano ya mita ikaanguka. Alipoinuka, ikapanda.

“Rudi ulipokuwa,” mzee akamwambia. “Haya, ondoka. Rudi tena.”

Mlango wa gari huning'inia kwenye bawaba zenye rangi na grisi, na umeme hauna njia ya kuaminika hapo. Kilichouunganisha na bodi ni mkanda wa waya wa kusuka. Mpwa akaupima. “Mzima huu, mjomba. Unapitisha.” Mzee akafungua bolti. Chini yake mkanda ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani, nyuzi chache tu zimeshika. Kwa kipimo cha betri ndogo, nyuzi chache hutosha. Umeme wa mawimbi ya redio hupita kwenye ngozi ya waya, na ngozi hiyo ndiyo iliyoliwa.

Antena ya gari ni ukwapi tu. Utao wake ni bodi la gari na ardhi iliyo chini yake, nusu isiyopanda wala kushuka, isiyo na mota wala kitufe. Kwa kuwa haionekani ikifanya kazi, huwa ya mwisho kushukiwa. Laiti mota mpya ingeagizwa, ingefika, ingefungwa, na guni lingebaki pale pale.

Walikwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, wakafunga mkanda mpya mpana, wakaupaka grisi kuuzuia na chumvi. Mita ikatulia kwenye 1.3.

Ijumaa iliyofuata mzee aliita mara tatu. Palikuwa na mvumo kama wa mawimbi kwenye mwamba, kisha sauti ya mbali ikatoka ndani yake: “Nimekupata. Utao wako ulizama baharini, nami nimeutia wangu. Sauti yako hafifu, kama taa ya mvuvi.”

Mzee alikuwa na utao mwingine, alioulea wiki nzima. Hakuutoa. Aliupokea mstari kama ulivyokamilishwa, akaanza wa pili kwa vina vile vile, fu na vi.